Turubai Lenye Milingoti Sita

Mtu wa kwanza kuingia uwanjani alfajiri alibeba utepe wa kupimia na furushi la vijiti vya chuma vilivyofungwa vitambaa vya rangi. Hakuwa mpanda farasi wala mfuga simba. Alikuwa msimamizi wa maturubai, na alitembea kwenye nyasi zenye umande akipima na kuchomeka: hapa mlingoti wa kwanza, hapa wa pili, huku mstari wa vigingi, kule jiko, kule banda la farasi. Kila rangi ilikuwa na maana yake, ya nguzo mbali na ya kigingi. Alipomaliza, mji mzima wa maturubai ulikuwa umeshachorwa ardhini, na mamia ya wanaume waliokuwa wakishuka kwenye treni hawakuwa na haja ya kuuliza kitu. Kila mmoja alikwenda kwenye rangi yake.

Nasema habari za Marekani, enzi ya sarakasi kubwa zilizosafiri kwa reli, zilizolala leo mji huu na kesho mji mwingine. Mimi ni fundi turubai. Karakana yangu iko Gerezani, Dar es Salaam; tunashona vifuniko vya malori, na tunashona na kukodisha maturubai ya harusi na misiba. Marehemu baba alishona matanga ya majahazi mpaka injini zilipompokonya wateja. Basi nikifungua kitabu cha picha za sarakasi, wenzangu hutazama tembo amesimama kwa miguu miwili, mimi natazama kamba: imefungwa wapi, inavuta nini, nani ameishika. Na rai yangu, baada ya kuzitazama picha hizo kwa muda mrefu, ni kwamba sarakasi haikujengwa na simba. Ilijengwa na turubai, na kila turubai lilipobadilika, mchezo uliokuwa chini yake nao ulilazimika kubadilika.

Mwanzoni turubai halikuwepo. Philip Astley, aliyekuwa askari wa farasi, alianza maonyesho yake London mwaka 1768 kwa kumzungusha farasi kwenye duara huku yeye amesimama mgongoni. Kipimo cha duara hilo kikaja kutulia kwenye mita 13 hivi kwa upana, na mpaka leo hakijasogea, kwa sababu kinamfaa farasi anayekimbia na binadamu anayejitahidi asidondoke. John Bill Ricketts akaupeleka mchezo huo Philadelphia mwaka 1793, na George Washington mwenyewe alikwenda kutazama. Lakini Ricketts alihitaji jengo, na majengo yenyewe yalikuwa ya mbao. La Philadelphia liliteketea mwaka 1799. Hata lisingeungua, jengo lina kasoro nyingine ambayo mfanyabiashara huiona haraka kuliko msanii: watu wa mji wakishaona onyesho, wewe bado uko palepale, na mbao zako haziwezi kuhama nawe.

Aliyelikata fundo hilo ni Joshuah Purdy Brown, aliyefanya maonyesho chini ya turubai Wilmington, Delaware, mwaka 1825. Lilikuwa jambo dogo kwa macho: mlingoti mmoja katikati, kitambaa kimevutwa pande zote, duara la farasi chini yake. Lakini kuanzia hapo mji wenye watu elfu mbili tu ukawa soko. Unafika asubuhi, unafunga turubai, unakusanya pesa mchana, unaondoka usiku kabla watu hawajakuchoka. Turubai lilikuwa la pamba, na pamba ya Marekani ya karne ile si mgeni kwetu. Wazee wa Unguja waliijua kama merikani, iliyoshushwa na meli za Salem kutoka viwanda vya Massachusetts. Kanga iliikuta merikani hapa. Sisi tuliivaa, wenzetu waliishi chini yake.

Kwa miaka hamsini hivi sarakasi zilitembea kwa magari ya farasi, kwenye barabara zilizozipa jina la maonyesho ya matope. Kundi liliondoka usiku wa manane na kukokota mizigo mpaka mji wa pili. Tembo walitembezwa gizani kwa makusudi, ili mwanakijiji asimwone mnyama bure na kubaki na senti yake mfukoni. Kwa mwendo huo hukuwa na uchaguzi: ulisimama popote farasi walipochoka, hata kama mji wenyewe ulikuwa wa nyumba kumi.

Kisha wakaja wenye sarakasi wawili, William Cameron Coup na Barnum. Barnum jina lake linajulikana kwa sababu alikuwa na mdomo. Coup ndiye aliyekuwa na akili ya mizigo. Mwaka 1872 alilipandisha onyesho lao kwenye reli. Tatizo lake kubwa lilikuwa jinsi ya kupakia makumi ya magari ya farasi kwenye mabehewa bapa bila kupoteza usiku mzima. Kuyapandisha moja moja kutoka ubavuni kungechukua muda usio na mwisho. Coup aliyapanga mabehewa kwa mstari, akaziba nafasi kati ya behewa na behewa kwa mabamba ya chuma, akaegesha ngazi ya mteremko upande wa mwisho, na magari yakapanda kwa huko na kusukumwa mbele mpaka mstari ukajaa. Farasi walivuta kwa kamba kutoka pembeni. Wakati wa kushusha, kamba ilizungushwa kwenye gogo lililosimikwa ili gari lisiporomoke. Aliyekuwa hatarini zaidi ni yule aliyeshika mti wa kuongozea magurudumu ya mbele: gari likiyumba, ule mti ulimpiga kwa uzito wote wa mzigo.

Sarakasi ya Barnum & Bailey ilipozuru Ulaya kati ya 1897 na 1902, inasimuliwa kwamba maofisa wa jeshi la Ujerumani walisimama kando ya reli na madaftari yao, wakiandika jinsi mabehewa yanavyopakiwa. Miaka hiyohiyo wenzao walikuwa huku kwetu wakituandikisha kodi ya kibanda. Sina ushahidi kwamba somo moja lilisaidia jingine, ila mpangilio wa mizigo ni elimu inayotumika kokote.

Reli ndiyo iliyolinyoosha turubai, na kwa fundi hapa ndipo penye utamu. Turubai la mviringo lina mwisho wake. Ukizidisha upana, paa linakuwa zito, linashika maji ya mvua kama sinia, na mlingoti mmoja haulibebi tena. Dawa yake ni kulikata katikati, nusu mbili zikaenda pande mbili, na katikati ukaingiza kipande cha mraba, kisha kingine, kisha kingine. Kila kiungo kinapewa mlingoti wake. Ncha mbili zinabaki za mviringo, katikati panarefuka. Hivyo ndivyo paa moja lilivyofikia milingoti minne, mitano, sita, urefu wa zaidi ya mita 120.

Sasa fikiria umekaa mwisho wa kaskazini na farasi wanazunguka mwisho wa kusini. Umelipa pesa yako kutazama vumbi. Ndiyo maana Barnum na wenzake wakaongeza duara la pili, na mwaka 1881, Barnum alipoungana na James Bailey, wakawa na maduara matatu kwa pamoja. Watu hudhani maduara matatu yalikuwa tamaa ya makuu. Tamaa ilikuwepo, ni Barnum tunayemsema, lakini turubai lilishaamua kabla yake.

Na aliyelipa gharama ya turubai refu ni mchekeshaji. Katikati ya karne ya 19 Dan Rice alikuwa miongoni mwa watu maarufu kuliko wote Marekani, na alichokuwa anauza ni maneno: alitania wakubwa wa mji, alijibizana na waliokaa viti vya mbele, aliimba, aligeuza siasa za siku ile kuwa kichekesho. Chini ya mlingoti mmoja kila mtu alimsikia. Chini ya milingoti mitano, bendi inapiga, farasi wa duara la tatu wanakoroma, hakuna koo la binadamu linalofika. Mchekeshaji akapaka uso rangi nene zaidi, akavaa viatu virefu, akaanza kuanguka. Ukimwona leo mchekeshaji wa sarakasi hasemi neno, usidhani ndiyo jadi ya tangu zamani. Turubai ndilo lililomnyamazisha.

Ringling Brothers walianzia Baraboo, Wisconsin, mwaka 1884. Waliinunua Barnum & Bailey mwaka 1907 na kuunganisha maonyesho yote mawili mwaka 1919. Miaka ya 1920 walisafiri na mabehewa yapatayo 100, yaliyogawanywa kwenye treni nne, na watu zaidi ya 1,000. Treni ya kwanza ilibeba jiko. Hilo lilinifurahisha, kwa kuwa hata msibani jiko ndilo hutangulia. Jiko lilifungwa kabla ya paa kubwa, na chakula kilipoiva ilipandishwa bendera, kila mtu akajua.

Halafu vigingi. Paa kubwa lilitaka vigingi kwa mamia, vya mti mgumu, kila kimoja karibu kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wanaume sita au saba walizunguka kigingi kimoja na nyundo za mikono mirefu, wakapiga kwa zamu, nyundo ya huyu inashuka ya mwenzake iko njiani kupanda, bila nyundo mbili kugongana. Baadaye ikaja mashine ya kugongea, lakini mashine ilikwama kwenye matope na nyundo haikukwama, kwa hiyo vyote viwili vilisafiri.

Milingoti ya katikati, mirefu kama mita 18, ilisimamishwa kwanza, ikashikiliwa na kamba. Kila mmoja ulivishwa pete kubwa ya chuma chini kwenye shina. Vipande vya turubai vilitandazwa ardhini, vikaungwa kwa kamba nyembamba zilizopitishwa matundu kwa matundu, na ncha zake zikafungwa kwenye zile pete. Sasa ilibaki kupandisha. Kamba ilitoka kwenye pete, ikapanda mpaka kapi kileleni, ikashuka, ikaenda kwa tembo. Marehemu baba angeielewa picha hiyo bila kuambiwa chochote: gofia, henza, tanga. Tofauti ni mvutaji. Kijana wangu mmoja aliniuliza ile nguzo ya juu wanaifikiaje bila ngazi. Nikamwambia, tembo. Akacheka, "Fundi, sisi tungepewa tembo tungemlisha nini?" Swali zuri, na wenye sarakasi walilijua jibu lake: majani makavu yalinunuliwa kila mji, na mtu aliyetangulia siku moja mbele ndiye aliyeyaagiza, pamoja na maji na mikate.

Turubai likishakwenda juu bado limelegea. Kundi jingine lililizunguka likikaza kamba za pembeni, kigingi kwa kigingi, mmoja akiongoza kwa wimbo na wengine wakiitikia kwa mvuto. Kamba zile zilikuwa za nyuzi za mimea, na kamba ya nyuzi ikilowa hujikaza yenyewe. Mvua ikianza, ilibidi watu watoke mbio wazilegeze, vinginevyo zing'oe vigingi au zipasue kitambaa. Jua likirudi, wazikaze tena. Wenye kazi hii hawakuwa na muda wa kumwogopa simba, waliogopa mawingu. Paa likishaingiwa na upepo kwa chini, tani kadhaa za kitambaa na nguzo hunyanyuka kwa pamoja, na kinachorudi chini hakichagui.

Watu wa mji waliamka kuja kutazama haya yote, bure. Shule zilifungwa, maduka yalifungwa, watoto walipewa tiketi kwa kuteka maji ya wanyama. Waliokuwa wakitazamwa zaidi, wale wa nyundo na kamba, wengi wao walikuwa Weusi, na katika sarakasi nyingi walilala na kula mbali na wengine. P. G. Lowery, mpiga kornet na kiongozi wa bendi aliyesifiwa kote, alipigisha bendi yake kwenye turubai dogo la pembeni miaka mingi, kwa sababu bendi ya Weusi haikuwekwa chini ya paa kubwa. Kwa hiyo Weusi walilisimamisha paa, na muziki wao ukabaki nje yake.

Mshahara wa mfunga turubai ulikuwa mdogo, na sehemu yake ilizuiwa mpaka mwisho wa msimu ili asitoroke. Kwenye sarakasi ndogo kulikuwa na mchezo mchafu zaidi: karibu na mwisho wa msimu, mtu alisukumwa nje ya treni usiku, na deni lake likabaki naye kando ya reli. Mwaka 1938 wafanyakazi wa Ringling waligoma kwa kupunguziwa mishahara, na kule Scranton, Pennsylvania, mwezi wa Juni, onyesho likakwama kabisa. Likarudishwa Sarasota, Florida, kwenye makao yake ya majira ya baridi. Tembo walikuwepo, wasanii walikuwepo, turubai lilikuwepo. Wa kulifunga hawakuwepo.

Nimefika penye mkosi wa kazi hii. Pamba inavuja. Fundi yeyote wa turubai la pamba anaishi na tatizo hilo, na dawa iliyotumika Marekani miaka ile ilikuwa kuyeyusha nta ya parafini, ile ya mishumaa, katika petroli, kisha kuupaka mchanganyiko huo kwenye kitambaa kwa mabrashi. Petroli inapaa, nta inabaki na kuziba nafasi kati ya uzi na uzi. Maji hayapiti. Wengi walifanya hivyo, na kwa mvua ilikuwa dawa kweli. Paa la Ringling la msimu wa 1944 lilipakwa nta kama kilo 800 iliyoyeyushwa kwenye petroli zaidi ya lita 20,000. Dawa za kuzuia moto zilikuwepo, lakini kulikuwa na vita na jeshi lilitangulia kuhudumiwa.

Julai 5 treni zilichelewa kufika Hartford, Connecticut, na onyesho la mchana likafutwa. Siku iliyofuata, Alhamisi, Julai 6, paa lilijaa maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, wanaume wakiwa vitani. Simba na chui walikuwa wamemaliza, familia ya Wallenda ilikuwa imepanda juu kwenye waya. Moto ukaonekana pembeni, kwenye ukuta wa kitambaa. Merle Evans, kiongozi wa bendi, aliuona na akapigisha wimbo wa gwaride wa mtunzi Sousa ambao watu wa sarakasi waliutambua kama ishara ya hatari. Wasanii walielewa. Watazamaji walisikia muziki tu.

Nta ikishika moto haiungui mahali pamoja. Inayeyuka na kudondoka ikiwaka. Kamba zikaungua, milingoti ikaanza kulala mmoja baada ya mwingine, na baadhi ya njia za kutokea zilizibwa na mifereji ya vyuma iliyotumika kupitishia wanyama. Katika dakika kama kumi paa lilikwisha. Walikufa watu zaidi ya 160 na mamia wakajeruhiwa. Chanzo cha moto kinabishaniwa hadi leo. Kampuni ililipa fidia iliyokaribia dola milioni 5, na maofisa wake kadhaa wakahukumiwa vifungo, kisha wakasamehewa. Msimu uliobaki walifanya maonyesho viwanjani, bila paa.

Nina ubishi na wanaosema moto huo ndio ulioua sarakasi ya turubai. Walishona jipya, wakalitia dawa ya kuzuia moto, wakarudi barabarani miaka mingine zaidi ya kumi. Kilichoua ni hesabu ya kawaida: reli ghali, wafanyakazi waliokataa kulala watatu kitanda kimoja kwa senti, televisheni sebuleni, na viwanja vya wazi karibu na kituo cha treni vilivyogeuka kuwa maegesho ya magari. Julai 16, 1956, Pittsburgh, Ringling walifanya onyesho lao la mwisho chini ya turubai. Baada ya hapo walikodi kumbi za saruji. Tembo wao waliacha kucheza mwaka 2016, onyesho likafungwa 2017, likarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Magazeti yalijadili wanyama kwa kurasa nyingi, kwa haki kabisa. Kuhusu paa sikusoma hata mstari.

Paa lenyewe limehamia kwa wadogo. Kule Hugo, mji mdogo wa Oklahoma, Carson & Barnes na jamaa zao waliendelea kutoka kila msimu na maturubai yao, siku moja hapa, siku moja kule, kwa malori badala ya treni. Kitambaa si pamba tena. Ni plastiki hii tunayoshona sisi Gerezani, nzito, haivujishi, haihitaji nta, na ubaya wake ni kwamba upepo hauwezi kupenya hata kidogo, kwa hiyo kigingi kinavutwa zaidi kuliko zamani. Vigingi ni vya chuma. Na katika sarakasi ndogo za namna hiyo, yule unayemwona jioni amevaa nguo za kumetameta kwenye bembea, mara nyingi asubuhi alikuwa ameshika nyundo, na wakati wa mapumziko ndiye anayekuuzia bisi. Mshahara anapokea mmoja.